Ndoo za Barafu

"Sema tu! Sema mbele ya hawa bantu bote, mama Abdoul: ulimumwangia mutoto wangu maji ya moto!"

"Nimumwangie juu ya nini? Niko mulozi, muchawi?"

"Ile neno umeitoa weye. Si miye."

Majirani waliojipanga nje ya ua wakacheka. Rehema, huyo mama Abdoul, aliwatazama mmoja mmoja. Hao hao ndio waliokuja kwake kuomba chumvi, kuomba makaa, kuomba kuchaji simu umeme ukirudi upande wake kwanza. Leo walikuwa wamekuja kutazama.

Agnès, mama wa mke wa Abdoul, hakubisha hodi, na hilo peke yake lilikuwa tusi. Mama wa mke na mama wa mume ni ba buko, watu wa kuogopana kwa heshima. Wakikutana njiani huinama, wakitaka kutembeleana hutumiana habari kwanza, na hakuna anayepaza sauti ndani ya lupango, ua wa mwenzake. Lakini Agnès alikuwa amelisukuma geti kwa bega, viatu mkononi, macho mekundu kwa kulala kwenye benchi la hospitali. Sasa alisimama katikati ya ua, kati ya mbabula, jiko la makaa, na rundo la ndoo mpya, kitenge amekikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Tangu Keren alikataa kuitwa Ramla, unamutafutaka," alisema. "Mutoto wa muntu wa reli, mukristu, mulimupokea juu ya aibu tu, juu alikuwa na mimba. Sasa amezaa, kazi imeisha. Mumuunguze!"

"Astaghfirullah! Mama Keren, mi njo nilimupokea mutoto kwa hii mikono!"

"Njo hiyo mikono ninaongea!"

Majirani wakacheka tena, na safari hii hata Rehema alijua kwamba amepigwa.

Mambo yalikuwa hivi. Mtoto wa Keren alikuwa bado hajanyolewa nywele za akika, na katika siku zile za mwanzo mama mzazi hukandwa asubuhi na jioni. Maji huchemshwa, taulo likachovywa, likakamuliwa, likabanwa tumboni na mgongoni mpaka damu chafu itoke. Waislamu wanafanya, Wakatoliki wanafanya, na baridi ya mwezi wa sita inapouma wanafanya zaidi. Kazi hiyo ni ya mama mkwe. Jana asubuhi Rehema aliteremsha sufuria kutoka kwenye mbabula, akamimina maji katika ndoo mpya, akaishika kwa mshikio wake wa waya, akaipeleka bafuni, kuelekea kigoda alichokalia Keren, miguu ameinyoosha. Alipoinyanyua kuivusha kizingiti cha bafu, sikio moja la ndoo likakatika. Ndoo ikalala upande. Maji yote yakaenda kwenye mapaja ya Keren.

Kwa hiyo Rehema alijua kilichotokea. Alikuwa na ushahidi, na hakuwa mwanamke wa kukaa kimya akiwa nao.

"Ngoja," alisema. "Ngoja nikuletee ile ndoo, uone na macho yako."

Alikuwa amekwisha kugeuka aliposikia sauti ya mumewe.

Souleymane alikuwa ametoka katika karakana iliyoko nyuma ya nyumba, nguo zake zikinuka plastiki iliyoyeyushwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa maneno, aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda kikubwa cha plastiki mjini mpaka kikafungwa, kisha akanunua mashine moja kuukuu na kuanza kutengeneza ndoo zake mwenyewe hapa mtaa wa Kampemba. Aliinamisha kichwa mbele ya Agnès kama inavyopasa.

"Mama Keren, tunaomba pardon," alisema. "Mukono wake uliteleza."

Rehema alimgeukia. "Mukono wa nani?"

"Wako, mama Abdoul. Mukono ulikuwa na sabuni." Hakumtazama. Alizitazama ndoo. "Tuseme ukweli, ba buko basikilize, bapoe roho."

Hapakuwa na sabuni. Rehema ametembea na mtu huyu tangu ujana. Alijua sura yake ya uongo na sura yake ya woga, na sasa zote mbili zilikuwa usoni pake. Akazitazama ndoo pia. Zilikuwa zimepangwa moja ndani ya nyingine, minara ya buluu na nyekundu kutoka ukutani hadi kwenye geti, zikimsubiri mnunuzi, Casimir, na lori lake. Ndipo alipoelewa mumewe anaogopa nini.

Akapiga magoti. Mchanga wa ua ulikuwa baridi.

"Mama Keren," alisema, "nisamehe. Mukono uliteleza."

Agnès alishusha pumzi, akawageukia majirani. "Mumesikia? Amesema mwenyewe." Halafu kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka: "Aksanti Mungu, hata umesema. Lakini akitoka hospitali anaenda kwangu. Yeye na mutoto."

Alivaa viatu vyake getini, akaondoka. Rehema aliinuka peke yake. Hakuna aliyempa mkono.

*

"Kulikuwa sabuni!" Rehema alifunga mlango wa karakana kwa kisigino. "We ulikuwa wapi wakati ile sabuni ilifika?"

"Punguza sauti."

"Nitapunguza nikifa. Umenipigisha magoti mbele ya mama Kapinga, yeye anauzaka maneno sokoni kuliko anavyouza tomati!"

Souleymane alikuwa amekaa juu ya gunia, mkononi ameshika lile sikio la ndoo lililokatika, analigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Halikuwa limechanika ovyo kama plastiki iliyovutwa. Lilikuwa limeachana kwa kufuata mstari mmoja, sawasawa, kama mkate uliokatwa kwa kisu.

"Kuya uone," alisema.

"Nimeiona jana, kwa miguu ya mutoto wa watu."

"Kuya uone, Rehema."

Akaenda, akaona.

Kalibu ya ndoo ni vipande viwili vya chuma vinavyobanana. Plastiki moto huingia kwa chini, hupanda ukutani, na inapofika kwenye sikio hukuta kipande cha chuma kilichosimama hapo kuacha tundu la mshikio. Basi plastiki hugawanyika, nusu ikapita huku, nusu ikapita kule, zikakutana upande wa pili. Ndani ya chuma kuna mifereji ya maji, na maji hayo ndiyo yanayoamua ndoo itatoka vipi. Yakiwa moto mno, ndoo hutoka laini, imepinda kama mlevi. Yakiwa baridi mno, plastiki huanza kuganda kabla haijamaliza safari.

"Moule, hii kalibu, inataka ikuwe kama maji ya kuosha mutoto muchanga," Souleymane alisema. "Unaweka kiwiko: haikuunguzi, haikushitui. Pale nusu mbili zinakutana, zinaungana, zinakuwa kintu kimoja. Moule ikikuwa barafu, kila moja inafika na ngozi yake imeisha kukauka. Zinaamkiana tu. Haziowane."

"Na weye ulijua."

"Nilijua ya kiwandani. Kule tulikuwa na thermostat ya kushika joto, na bazungu ba kuipima. Hapa…" Aliliweka sikio juu ya goti. "Barafu ilitoka kwa nani, Rehema?"

Swali lilikuwa la haki, ndiyo maana liliuma.

Mashine ya kupozesha maji ilikuwa imekufa, na fundi alitaka kipande kitoke Afrika Kusini. Bila hiyo, maji yalizunguka katika kalibu yakitoka moto, yakirudi moto zaidi. Souleymane alilazimika kusubiri na kusubiri kila ndoo ipoe, au aitoe ikiwa imepinda na kuirudisha kusagwa. Casimir alikuwa akipiga simu kila siku. Ni Rehema aliyekwenda sokoni, akawaona wanawake wanaoleta samaki kutoka Kasenga, masanduku yao yamejaa barafu, akasimama pale na kusema moyoni: ile njo dawa. Alinunua mabaki ya barafu asubuhi baada ya asubuhi, akayabeba yakinuka samaki, akayamwaga mwenyewe katika pipa la maji. Ndoo zikaanza kutoka ngumu, haraka, moja baada ya nyingine. Souleymane alicheka siku ile ya kwanza mpaka akashika tumbo. "Bibi yangu ni ingénieur!" Kalibu ilikuwa ikitoka jasho kwa nje kama chupa ya bia, naye aliipangusa kwa kitambaa na hakusema kitu. Walizipima, ndiyo. Walijaza maji ya bomba, wakainua, wakahesabu, wakaridhika. Lakini nani Lubumbashi, mwezi wa sita, anaoga maji ya bomba?

"We njo unajua kazi," Rehema alisema hatimaye. "Mi ninajua soko. Ungenikataza."

"Ningekukataza weye?" Akatabasamu bila furaha. "Nani alishawahi?"

Kwa mbali jirani alikuwa akimwita mtoto wake arudi ale bukari.

"Sikiliza," Souleymane alisema. "Casimir anakuja kesho. Analipa, anapakia, anaenda. Kama neno inatoka kwa hii lupango kwamba ndoo ya Souleymane inaunguzaka banamuke, nani atatuuzia tena hata granulés za plastiki? Nani atanunua kwetu hata kikombe?"

"Na miye, jina langu?"

"We uko mama mukwe. Bamama bakwe banasemewaka mubaya kila siku, inapita. Ndoo, haipitake."

Alisema kama mtu anayeeleza bei. Na Rehema, ambaye maisha yake yote amepanga bei, aliona kwamba hesabu ile ilikuwa sawa. Akatoka nje.

*

Hospitalini, wanawake wa chumba walikuwa wamekwisha kupata habari. Rehema aliweka kikapu cha uji chini, akasalimia. Mmoja tu akaitika. Mwingine, aliyekuwa na mtoto aliyevunjika mkono, akakivuta kitanda chake kidogo upande wa ukuta, miguu ya chuma ikalia sakafuni.

"Mama mukwe njo huyu?" mwuguzi aliuliza.

"Njo miye."

"Ah." Mwuguzi alimpima kutoka kilembani mpaka kandambili. "Basi mama mukwe, compresses zimeisha na pomade pia. Mulete za kesho. Bila hivyo mi siwezi fungua kidonda, nitakifunika na nini? Na mikono?"

"Tutaleta."

"Jana pia mulisema tutaleta."

Akausukuma mkokoteni wake wa dawa. Ulisimama kwenye kitanda cha kwanza, ukasimama kwenye cha pili, ukakipita cha Keren, ukasimama kwenye kilichofuata. Abdoul, mwana wa Rehema, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mtoto mikononi, akiutazama ule mkokoteni ukienda. Alikuwa na ndevu sasa, alikuwa baba, na bado alikuwa na ile tabia ya utotoni ya kutafuna ndani ya shavu.

Keren alilala chali, shuka limeinuliwa juu ya waya lisimguse. Alipata shida kumnyonyesha mtoto. Kila Abdoul alipomweka kifuani, kisigino cha mtoto kilishuka kuelekea mapajani na Keren alikaza meno. Rehema akamchukua mtoto, akamshika miguu juu, akamweka titini.

"Maman," Keren alisema, "mama yangu ananiambia ulipiga magoti."

"Ndiyo."

"Juu ya mukono kuteleza."

Rehema alikuwa akiutazama utosi wa mtoto, unavyopanda na kushuka.

"Maman, mi nilikuwa pale. Mi nilikuwa ninaangalia ndoo, hapana mukono. Sikio njo ilikatika. Nilisikia: *tá*." Alivuta pumzi. "Nikasema nimwambie mama. Halafu nikaona Abdoul amegeuza uso. Nikajua kuko kintu."

"Keren," Abdoul alisema, "papa anasema…"

"Papa hakuungua." Hakuwa ameinua sauti. "Zile zingine ziko wapi, maman? Zile zilikuwa zimepangwa na ile."

"Ziko nyumbani."

"Zinaenda?"

Rehema alisema mtoto ameshiba. Alimweka begani, akampigapiga mgongo, na wakati wote huo alihisi macho ya wanawake wa chumba yakimshika shingoni. Alivumilia. Mtu huvumilia kuitwa mbaya. Kilichomshinda ni kwamba msichana huyu, waliyempokea nusu nusu, aliyekataa jina lao akakubali mtoto wao, alikuwa amelala pale na nyama yake nje, amewafichia siri kwa mama yake mzazi, na hakuna aliyemwomba.

*

Kesho yake, Rehema hakuwasha mbabula kwa chai. Alipandisha sufuria kubwa ya sherehe, akachemsha maji mpaka kifuniko kikacheza. Alichukua ndoo moja juu ya mnara, akaijaza, akaiinua kwa mshikio, mkono ameunyoosha mbali na mwili. Ikashika. Akachukua nyingine. Ikashika. Moyo wake ukaanza kumdanganya: labda ilikuwa moja tu, labda ni bahati mbaya, bahati mbaya ipo kwa kila mtu. Akachukua nyekundu. Alikuwa hajaivusha hata kokoto la kwanza la ua iliposema *tá* na kuachia. Maji yakalia kwenye mchanga. Mvuke ukampanda usoni.

Souleymane alikuwa mlangoni. Ameona yote.

"Mbili imeshika," alisema haraka.

"Na hii?"

"Mbili imeshika, Rehema. Haiko zote."

"Muzuri." Akachukua ndoo mbili mpya, akamwekea miguuni. "We njo fundi. Niambie, kati ya hizi, ipi ni ya kushika na ipi ni ya kuachia. Nionyeshe tu na kidole, mi nitazitenga."

Souleymane akaziinua. Akazielekeza kwenye jua. Kwenye kila sikio palikuwa na ule mstari mwembamba wenye ukungu, kama pumzi kwenye kioo, na mistari yote ilifanana. Alizitazama kwa muda mrefu, mtu aliyeshika plastiki maisha yake yote, kisha akaziweka chini taratibu, kama zilikuwa na kitu ndani.

Honi ya lori ikalia barabarani.

Casimir aliingia akipiga makofi. Alikuwa mfanyabiashara mnene, mchangamfu, kofia ya ngozi, simu tatu.

"Mama Abdoul! Ingénieure wa barafu! Kule Kasenga bananiuliza ndoo kuliko banavyoniuliza habari ya nyumbani." Akawapigia mluzi wapakiaji wake. "Pakieni! Pole pole na ile nyekundu, ni bibi harusi."

Mnara wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Souleymane alikuwa amesimama karibu na Casimir, akicheka mahali pa kucheka. Casimir akatoa bunda la noti mfukoni, limefungwa mpira, akaanza kulamba kidole.

Rehema alilitazama lile bunda. Si kwamba hakuliona. Aliona compresses ndani yake, pomade, mkokoteni ule ukisimama kwenye kitanda cha Keren. Aliona kipande cha Afrika Kusini. Kama Casimir angemaliza kuhesabu haraka kidogo, labda yote yangekwenda namna nyingine. Lakini alikuwa akisema maneno huku akihesabu, na maneno yalimchelewesha.

"Papa Casimir," Rehema alisema. "Hizi ndoo ni mubaya."

Souleymane alifumba macho.

"Mubaya namuna gani?" Casimir aliuliza.

"Maji ya moto inakata sikio. Haiko kila moja. Hatujue ipi."

Casimir aliacha kuhesabu, lakini hakushtuka. Alifikiri kidogo tu, akaangalia lori, akaangalia minara iliyobaki, na uso wake ukachangamka tena.

"Basi tunapunguza bei! Bei ya kirafiki. Kule Kasenga kuko joto, bantu ba mto, banateka maji baridi, banaweka samaki. Nitabaambia ni ndoo ya maji baridi."

"Utaiandika?"

"Mama, nani anasomaka ndoo?"

"Na mama muzazi wa Kasenga hakandwake?"

"Anakandwa, anakandwa, kama wote."

"Na maji gani?"

Casimir alimtazama, kisha akacheka na kumgeukia Souleymane kama kumwomba msaada. "Bwana, bibi yako! Mama Abdoul, weye unauza ndoo. Hauuze maji."

Wapakiaji wakacheka. Souleymane pia alicheka, kidogo, kwa adabu. Ni kicheko hicho cha mumewe kilichomaliza. Rehema aliona kwamba atacheka hivyo hivyo mwakani, na mwaka mwingine, kila Casimir akifika. Na kwamba hata yeye atajifunza.

Wakati huo Agnès alikuwa amesimama getini. Alikuwa amekuja kuchukua nguo za Keren na za mtoto, na safari hii alibisha, kwa kucha, kama mtu asiyetaka kitu chochote cha nyumba hiyo zaidi ya haki yake.

"Mama Keren, kuya hapa," Rehema aliita.

"Nitangoja nguo hapa hapa."

"Kuya. Usikie mbele ya hawa bantu, kama ulivyotaka jana." Rehema aliokota lile sikio jekundu kutoka mchangani, likiwa bado na joto. "Mukono wangu haukuteleza. Ndoo ilikatika. Tulipozesha moule na barafu ya samaki, na barafu nilinunua miye. Hizi zote ni za vile."

Agnès alilichukua sikio, akaligeuza, akaziangalia ndoo za lorini.

"Kumbe ulipiga magoti juu ya uongo," alisema.

"Ndiyo."

"Na mi nikamushukuru Mungu."

"Ndiyo."

"Ya kwanza, labda ningekusamehe. Bantu banaungua, ni maisha." Alimrudishia sikio. "Hii ya pili, hapana."

Rehema aliinamisha kichwa. Halafu akaingia ndani, na alipotoka alikuwa na nguo za Keren mkono mmoja, na mkono mwingine rundo la vitenge vya wax ambavyo bado vilikuwa na karatasi zake, vile ambavyo mwanamke huweka chini ya sanduku kwa siku ya kifo au ya harusi. Akamwekea Agnès vyote mikononi.

"Uzisha leo, mbele soko haijafunga. Pansement ya kidonda haingojee."

Agnès aliangalia vitenge, akavipima uzito, akavipokea. Hakusema aksanti. Akatoka navyo, na havikuonekana tena.

"Mama Abdoul," Casimir alisema, noti bado mkononi, "tufanye nusu bei."

"Shusheni," Rehema aliwaambia wapakiaji.

Walimtazama Casimir. Rehema hakungoja. Alipanda mwenyewe kwenye lori, kitenge amekikunja magotini mbele ya wanaume wote, akazisukuma ndoo kwa mikono na miguu mpaka zikaanguka uani zikibiringika kila upande. Majirani walikuwa wamerudi kwenye ukuta. Hakuna aliyecheka.

"Sirudi tena hapa," Casimir alimwambia Souleymane, akilifunga bunda na mpira wake. "Unajua hivyo?"

"Ninajua," Souleymane alisema.

Lori likaondoka tupu, likigongagonga.

Rehema aliikamata ndoo ya kwanza, akaiburuta karakanani, akagusa swichi. Umeme ulikuwepo. Mashine ya kusaga ikanguruma, visu vikashika kasi. Alikuwa ameinua ndoo kuitupa ndani, mumewe alipopiga kelele.

"Waya! Utavunja visu!"

Akasimama. Alikuwa amesahau mshikio. Akaanza kuung'oa kwa vidole, waya ukamchana kiganja, akaung'oa, akautupa pembeni, akaiingiza ndoo kwenye mdomo wa mashine. Ililia kama mbuzi, halafu kwa chini zikatoka chembe za buluu. Akaenda kuleta ya pili. Kiganja chake kiliacha doa juu ya plastiki.

"Umevunja nyumba," Souleymane alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma saa.

Rehema alihangaika na waya wa pili. Haukutoka. Akauvuta kwa meno.

Souleymane alitazama hilo kwa muda. Kisha akachukua koleo ukutani, akageuza kreti, akakaa, akamnyang'anya ndoo kutoka mikononi. Akabana waya, akauzungusha, ukatoka sikio moja, ukatoka la pili. Akamrudishia ndoo tupu bila kuinua macho.

Rehema aliitupa ndani. Mashine ikalia.

"Lete ingine," Souleymane alisema.